Ukigusa Hewa, Umegusa Mafuta

Na Mwandishi Wetu

Mjomba wangu anakaa Mkunazini, ndani kabisa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, lakini gari lake halijapata hata siku moja kufika mlangoni pake. Vichochoro vya huko vilijengwa kwa ajili ya watu, punda na mikokoteni, si kwa ajili ya magari. Kwa hiyo hilo Peugeot 404 la mwaka 1967 hulala Vuga, chini ya turubai, na kila asubuhi mzee huyo hutoka na ndoo ya maji na kitambaa kwenda kulipangusa chumvi ya bahari, kama mtu aendaye kumjulia hali mgonjwa.

Gari hilo si la fahari tu. Mwisho wa juma hukodiwa kuchukua maharusi, na fedha hizo ndizo zilizokuwa zikimlipia ada ya chuo binti yake wa mwisho. Ndiyo maana jambo lililolifika mwaka juzi halikuwa la chuma na mafuta peke yake. Lilikuwa jambo la nyumba nzima. Nalieleza hapa kwa ruhusa ya wenyewe, maana wako akina baba wengi wenye magari ya zamani, na vijana wengi wenye mikono hodari na haraka nyingi, ambao mkasa huu unaweza kuwafaa.

KISA CHENYEWE

Kaka wa binti huyo ni kijana wa spana. Amejifunza kazi kwa magari ya Kijapani yaliyotumika, ambayo ndiyo yaliyojaa katika barabara za Unguja siku hizi. Aliwahi kulifungua gari la rafiki yake, akaondoa boksi la chujio la hewa, akafunga chujio la wazi na bomba pana zaidi. Injini ikanguruma kama simba na wala haikupata dhara. Akaona heri amfanyie hisani baba yake.

Basi akalipeleka koo la hewa la lile Peugeot kwa mchonga vyuma, likapanuliwa. Boksi la chujio akaliweka pembeni, na mahali pake akafunga wavu wa waya. Siku ya kwanza alilizungusha gari Mnazi Mmoja na Michenzani, na watoto wakalikimbilia kwa furaha ya ule mlio.

Jumamosi iliyofuata walikwenda Chwaka kumchukua bibi harusi. Kwenda walifika salama. Katika kurudi, gari likiwa limejaa watu na jua la kaskazi likiwa utosini, injini ilianza kupiga chafya kupitia kwenye koo la hewa. Kijana akadhani ni uchafu wa petroli, akazidi kukanyaga mafuta. Kabla ya kufika Dunga ikasikika sauti kama ya kokoto ndani ya kopo. Kisha moshi wa buluu ukatanda barabarani, na gari likasimama. Bibi harusi aliingia mjini kwa gari la msamaria mwema, na mjomba akarudisha fedha ya watu.

Fundi aliyelifungua ni mzee wa Mwembeladu, ambaye ujana wake wote aliumalizia katika pampu za mafuta. Alipoinua kichwa cha injini alikuta vali moja ya kutolea moshi imeungua ukingo, pistoni ya tatu imetoboka, na plagi zote nne ni nyeupe kama chokaa. Hakukaripia. Aliuliza swali moja tu:

“Mwanangu, hewa uliiongeza. Na mafuta je?”

“Fundi, nilidhani yatajiongeza yenyewe.”

Katika jibu hilo ndimo lilimo kosa lote, na ndimo lilimo somo letu la leo.

KABURETA HUPIMA, PAMPU HUTII

Injini ya petroli hula vitu viwili kwa pamoja: petroli na hewa. Kwa uzito, kila sehemu moja ya petroli huhitaji sehemu 14.7 za hewa ili iungue yote bila kubakiza kitu. Ukipima kwa ujazo, tofauti ni ya kushangaza zaidi: lita moja ya petroli huhitaji takriban lita 9,000 za hewa, yaani mapipa arobaini na tano ya lita 200. Basi asemaye gari linatumia petroli amesema nusu ya maneno. Gari hutumia hewa, na petroli ni kitoweo chake.

Swali ni nani anayepima. Katika magari mengi ya zamani mpimaji ni kabureta. Hewa hupita katika koo jembamba, mwendo wake unaongezeka, na mvuto wake ndio unaonyonya petroli kupitia tundu dogo. Hewa ikizidi, mvuto huzidi, na petroli hutoka zaidi. Kabureta si chombo cha usahihi mkubwa, lakini kwa kiasi fulani huihisi hewa.

Katika magari ya leo mpimaji ni kompyuta. Vipimo vya hewa, vya joto na vya oksijeni iliyobaki katika moshi huipelekea habari, nayo huongeza au kupunguza petroli wakati huo huo. Ndiyo maana kijana wetu alipobadili koo la gari la Kijapani hakupata dhara: kosa lake lilisahihishwa na kompyuta bila yeye kujua.

Lakini lile Peugeot lina mpimaji wa namna ya tatu. Lina pampu ya chuma yenye vipistoni vinne vidogo, kimoja kwa kila silinda, inayozungushwa na injini yenyewe. Ndani yake mna nundu iliyochongwa kwa umbo maalumu. Ukikanyaga mafuta, fimbo ndogo hufungua kilango cha hewa na papo hapo huiamuru pampu isukume petroli zaidi. Umbo la nundu hiyo lilichongwa kiwandani baada ya mafundi kuipima injini na kujua kwamba kilango kikifunguka kiasi hiki, hewa kadha wa kadha huingia. Tangu siku ile, pampu haipimi tena. Inatii tu. Haina jicho la kuiona hewa wala ngozi ya kuhisi joto.

Kwa hiyo kijana alipopanua koo, hewa ilizidi kwa kila hatua ya mkanyago, lakini pampu ikaendelea kutoa petroli ile ile iliyoagizwa kabla yeye hajazaliwa. Mchanganyiko ukawa hafifu. Wengi hudhani petroli ikipungua, moto nao hupungua. Sivyo. Mchanganyiko uliopungukiwa kidogo huungua polepole, na moto wake huwa bado unawaka vali ya kutolea moshi inapofunguka. Tena ile petroli ya ziada ambayo kwa kawaida hugeuka mvuke na kuzipoza silinda inakuwa haipo. Chafya ile ya njiani ilikuwa onyo. Kokoto ndani ya kopo ilikuwa sauti ya mchanganyiko unaolipuka wenyewe pasipo wakati wake.

PAMPU ILIYOTUNYANYUA

Isije ikadhaniwa kwamba pampu hizi ni mdudu mbaya. Robert Bosch wa Ujerumani alianza kutengeneza kwa wingi pampu za dizeli mwaka 1927, na katika Vita Kuu ya Pili ndege za Kijerumani zilirushwa kwa injini zenye pampu za petroli. Mwaka 1954 gari la Mercedes-Benz 300 SL lilitoka na pampu ya namna hiyo. Kiwanda cha Peugeot nacho, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kiliichagua pampu ya Kugelfischer, kampuni ya mji wa Schweinfurt ambayo sifa yake kubwa ilikuwa ni utengenezaji wa gololi na beringi. Injini ya 404 yenye ujazo wa sentimita 1,618 ilikuwa na nguvu za farasi 72 ikiwa na kabureta. Kwa pampu ilipanda hadi 85, na baadaye 96, kwa kipimo cha SAE cha Marekani.

Wazee wetu waliyaona magari hayo yakishindana katika Safari ya Afrika Mashariki, mbio zilizoanza mwaka 1953 na kupita katika matope na vumbi la Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966, na tena 1967, ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, wakiendesha 404 lenye pampu ya mafuta. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakashinda tena, na kwa mara nyingine yakamaliza magari 7 tu.

Ushindi ule haukuletwa na mlio. Ulitokana na gari kudumu, na gari hudumu hewa yake na mafuta yake vinapokwenda pamoja. Na kazi hiyo haikuwa nyepesi, kwa kuwa hata milima huibadili hewa. Pampu iliyorekebishwa Unguja, usawa wa bahari, ukiipeleka Mbeya kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, itakuta hewa imepungua uzito kwa kama sehemu moja kati ya sita. Pampu isiyo na kirekebisho cha mwinuko itaendelea kumwaga petroli ya pwani, na gari litatoa moshi mweusi na kulemewa.

VUMBI, CHUMVI NA MASIKA

Hesabu moja tu inatosha kumwonyesha msomaji kwa nini chujio la hewa si pambo. Injini ya lita 1.6 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kilango kikiwa wazi kabisa, huvuta karibu lita 2,400 za hewa kila dakika. Hayo ni mapipa kumi na mawili. Zidisha kwa safari ya Makunduchi au Nungwi, nyuma ya lori, katika barabara ya vumbi. Kila chembe ya mchanga ipitayo ni msasa baina ya pistoni na silinda. Mwenye kuvua chujio ili apate nguvu huipata leo na kuilipia kesho, kwa ringi zilizolika na injini inayokunywa oili.

Kisiwani kwetu kuna adui wawili zaidi. Wa kwanza ni chumvi: gari linalolala karibu na bahari hupatwa na kutu katika fimbo na egemeo za kilango cha hewa, na fimbo iliyokazana huipa pampu amri ya uongo. Wa pili ni unyevu wa masika. Chujio la karatasi lililolowa huziba, hewa hupungua, na pampu isiyoona huendelea kutoa petroli ile ile. Hapo kosa hugeuka upande wa pili: plagi huwa nyeusi kwa masizi, petroli nyingi huosha oili katika kuta za silinda, na mwenye gari hulalamika kwamba petroli siku hizi haikai. Yale machujio ya zamani yenye bakuli la oili huhitaji kuoshwa na kutiwa oili mpya, jambo ambalo wengi wamelisahau.

Jambo la kuvuta hewa baridi nalo ni zuri, lakini nalo lina masharti. Hewa iliyo chini ya boneti inaweza kufika nyuzi 60 za joto wakati nje ni 30, na hewa hiyo ya moto ni nyepesi kwa asilimia 9 hivi. Bomba linalovuta hewa kutoka mbele ya gari, likipitia kwenye chujio, huleta nguvu bila gharama kubwa. Hata hivyo hewa baridi ni hewa zaidi. Pampu haitajua. Ni lazima mafuta yatazamwe upya.

MOSHI WA DIZELI

Wako watakaosema: sisi hatuna Peugeot, haya yanatuhusu nini? Yanawahusu, maana pampu ya namna hii imewabeba watu wengi zaidi katika malori ya dizeli na katika yale magari yenye bodi za mbao yaliyowachukua watu wa shamba na mizigo yao kwa miaka mingi.

Katika dizeli ya zamani hakuna kilango cha kuizuia hewa. Injini huvuta hewa yote iwezayo, na nguvu huamuliwa na mafuta peke yake. Ndipo ulipozuka mchezo wa kuikaza skrubu ya pampu ili gari lipande mlima na mzigo. Gari litapanda. Lakini dizeli iliyozidi hewa haiungui yote, na iliyobaki hutoka kama moshi mweusi, wakati joto linapanda hadi kupasua kichwa cha injini. Na moshi ule hauishii angani. Huingia katika vifua vya akina mama wanaosubiri gari Darajani na watoto watokao shule. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika daraja la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Dereva mwenye kukaza skrubu anajipunguzia dakika chache za safari kwa mapafu ya wengine.

Na tahadhari kwa vijana wa gereji: kamwe usiweke mkono mbele ya nozeli ya dizeli inapojaribiwa. Mafuta hutoka kwa msukumo ulio zaidi ya mara hamsini ya ule wa tairi, yakapenya ngozi kama sindano. Jeraha huonekana dogo, lakini linaweza kumpotezea mtu kidole au mkono. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa ile ile.

ATAKAYE KUBADILI AFANYEJE

Yule mzee wa Mwembeladu hakumkataza kijana kubadili injini. Alimkataza kubadili nusu yake. Utaratibu wake, kwa ufupi, ni huu.

Kwanza, gari lirudishwe katika afya yake kabla halijaongezwa nguvu: nafasi za vali, wakati wa moto, mkanda wa pampu, nozeli safi, na kila kiungo cha hewa kisichovuja. Wengi hutafuta nguvu mpya hali ya kuwa hawajatumia ile ya zamani.

Pili, chujio lisivuliwe kamwe. Anayetaka hewa zaidi atafute chujio kubwa zaidi.

Tatu, fimbo iunganishayo kilango na pampu ipimwe kwa makini. Mzunguko mmoja tu wa nati yake huweza kuharibu mchanganyiko mzima.

Nne, koo likipanuliwa au valvu zikifunguliwa zaidi, pampu ipelekwe kwenye mashine ya kupimia na kurekebishwa ilingane na hewa mpya. Siku hizi kipo pia kipimo cha oksijeni kinachofungwa kwenye bomba la moshi, ambacho humpa dereva jicho lile ambalo pampu haina. Zamani risasi iliyotiwa katika petroli ingekiua upesi. Lakini petroli ya namna hiyo iliachwa katika nchi zetu kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Asiyekuwa nacho asome plagi baada ya mwendo wa mzigo: nyeupe ni njaa ya mafuta, nyeusi ni shibe ya kupita kiasi, rangi ya kahawa yenye maziwa ndiyo afya.

Tano, mahali pasipo na fundi wa pampu, si aibu kuivua na kufunga kabureta ya gari lile lile pamoja na mabomba yake ya hewa. Nguvu itapungua, lakini gari litakwenda. Ila pampu ya umeme iliyokuwa ikiilisha pampu ya chuma iondolewe pia, maana msukumo wake ni mkubwa kuliko uwezo wa sindano ya kabureta, na petroli itakayofurika juu ya injini ya moto ni mwanzo wa kuteketea kwa gari na waliomo.

MWISHO WA KISA

Mjomba alikataa kabureta. Mzee wa Mwembeladu akachonga pete ya aluminiamu, akaitia katika lile koo hadi likarudi upana wake wa asili. Pistoni na vali vikatafutwa Dar es Salaam. Boksi la chujio lilifungwa tena, na bomba jipya likapelekwa mbele ya gari kuvuta hewa baridi; kisha pampu ikarekebishwa kwa robo mzunguko mmoja mmoja, plagi zikitazamwa kila baada ya safari ya Bububu. Ni badiliko dogo, lakini safari hii hewa na mafuta vilibadilishwa pamoja.

Gharama ilikula ada. Binti yule alikaa nyumbani muhula mzima, na wakati huo alimsaidia mama yake kukaanga vitumbua vya asubuhi bila kumtupia kaka yake neno. Kaka mwenyewe alijipeleka Mwembeladu bila kuitwa, akafanya kazi kwa mzee hadi deni lote la ufundi likaisha. Yupo huko mpaka leo, sasa akijifunza pampu.

Muhula uliofuata ulipofunguliwa, binti alirudi chuoni. Asubuhi ile baba yake alilifunua turubai mapema kuliko siku zote, akampakia yeye na sanduku lake, na kijana ndiye aliyeshika usukani. Walipofika, kabla hata ya kushusha sanduku, alifungua boneti, akachomoa plagi ya tatu, akaishika juani na kumwonyesha dada yake. Ilikuwa ya rangi ya kahawa yenye maziwa.